Gari linazima Kitonga, na fundi anataka kubadilisha pampu ya mafuta kwa mara ya pili

SWALI

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari mjini Morogoro. Nina Toyota Corolla ya mwaka 1998, ile ambayo mafundi huiita 110, yenye injini ya 5A ya lita 1.5. Siku za kazi naliendesha kutoka Kihonda hadi shuleni, na wakati wa likizo huwa nakwenda nalo Iringa kumwona mama yangu.

Tatizo lilianza mwaka jana. Gari likiwa baridi huwaka vizuri na hutembea bila shida, lakini baada ya kupita Mikumi, jua likiwa kali, huanza kukosa nguvu. Nikikanyaga mafuta linagugumia badala ya kuongeza mwendo, na nyuma, chini ya siti, husikika mlio mwembamba kama mluzi. Nikisimama kivulini kwa nusu saa hivi linawaka tena na kwenda kama halikuwa na tatizo. Fundi wangu alibadilisha pampu ya mafuta kwa kuweka ya mtumba, nikapumzika kwa miezi kadhaa, na sasa hali imerudi ileile. Safari ya mwisho lilizima katikati ya mlima Kitonga, kwenye kona, nikiwa na mwanangu. Dereva wa lori alishuka, akaingia chini ya gari, akagonga tenki kwa nyundo ya mpira huku mwanangu akipiga stata, likawaka.

Fundi sasa ananiambia, “Mama, pampu za mtumba ni bahati tu, tutafute nyingine,” na yuko tayari kuja kuifunga uani kwangu. Fundi mwingine amenishauri nifungiwe pampu ya nje, chini ya gari, kwa sababu ni rahisi na haihitaji kufungua tenki. Naomba unisaidie kujua ninunue ipi, kwa nini hii imekufa mapema hivyo, na kama kazi hiyo ni salama kufanyiwa nyumbani. Niseme pia kwamba, kwa hali ya mshahara, huwa najaza mafuta kidogo kidogo, na taa ya mafuta kwenye dashibodi huwaka mara kwa mara.

Mwalimu, Morogoro

JIBU

Pole sana, Mwalimu. Kuzimikiwa na gari kwenye kona za Kitonga huku malori yakipanda nyuma yako ni hatari kubwa, na kwa sababu hiyo nakuomba usilipeleke tena gari hilo Iringa kabla kazi ninayoieleza hapa haijakamilika. Kutoka Kihonda hadi shuleni unaweza kuvumilia kwa siku chache, lakini mlimani usijaribu.

Dalili ulizozitaja zinaelekeza kwa uzito mkubwa kwenye pampu ya mafuta, na ile nyundo ya dereva wa lori ndiyo ushahidi mzuri kuliko wote uliomo katika barua yako. Ndani ya pampu kuna mota ndogo ya umeme yenye vipande viwili vya kaboni, ambavyo husugua sehemu inayozunguka ili kuipelekea umeme. Vipande hivyo vikiisha, mota inaweza kusimama mahali ambapo umeme haupiti, na mtikisiko wa kugongwa huvirudisha vikagusa sehemu hiyo kwa muda. Hata hivyo, mtikisiko huohuo unaweza pia kuamsha soketi iliyolegea au waya ulioshika kutu juu ya tenki, na hapo ndipo ninapotofautiana na fundi wako. Kwa jinsi ulivyoeleza, hakuna mtu aliyepima chochote tangu tatizo lilipoanza. Pampu ya kwanza ilitolewa kwa kukisia, ya pili ikawekwa kwa kukisia, na sasa unaombwa ulipie ya tatu kwa njia ileile. Usitoe fedha yoyote ya spea kabla presha ya mafuta na umeme unaofika kwenye pampu havijapimwa mbele yako.

Ni vizuri uelewe kwa nini gari linakusumbua mlimani zaidi kuliko tambarare, maana ukielewa hilo utajua fundi anapima nini. Katika gari lako petroli hutoka kwenye tenki, hupita kwenye filta iliyoko chini ya boneti, hufika kwenye bomba linalozigawia nozeli, yaani vipuli vinavyonyunyizia petroli kwenye injini, na ile isiyotumika hurudi kwenye tenki kwa bomba la pili. Mwishoni mwa bomba la nozeli kuna regyuleta inayopanga presha kwa kufuata mvuto wa hewa ndani ya injini. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, mvuto huo ni mkubwa na presha hukaa kati ya psi 30 na 37 (psi ni kipimo cha presha). Ukikanyaga mafuta hadi mwisho, mvuto hupotea na regyuleta huipandisha presha hadi kati ya psi 38 na 44. Kwa hiyo mlima huidai pampu mambo mawili kwa wakati mmoja: petroli nyingi zaidi, na petroli hiyo isukumwe kwa presha kubwa zaidi. Ongeza hapo kwamba waya wa shaba uliomo ndani ya mota huongeza ukinzani wake kwa takribani asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za joto, na utaona kwa nini pampu iliyochoka hufanya kazi asubuhi, hushindwa mchana, na hupata nafuu ikipumzishwa kivulini.

Kipimo cha kwanza basi ni cha geji ya presha ya mafuta. Si kila gereji inayo, lakini mafundi wanaoshughulika kwa uzito na magari ya EFI, yaani yanayonyunyiziwa petroli kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta kama lako, huwa nayo, na asiyekuwa nayo hana namna ya kujua hali ya pampu yako. Fundi ataiunga baada ya filta, kisha injini iwashwe iachwe ipate joto. Achomoe kimpira chembamba cha mvuto kilichoko kwenye regyuleta na kukiziba: presha inapaswa kuruka hapohapo hadi psi 38 au zaidi. Ikigoma kupanda, abane kwa muda mfupi mpira wa bomba la kurudisha mafuta. Ikiwa presha itapanda kwa nguvu, pampu ni nzima na regyuleta ndiyo inayovujisha presha. Ikiwa haitapanda, tatizo liko kwenye filta, kwenye chujio la wavu lililoko ndani ya tenki, kwenye umeme, au kwenye pampu yenyewe. Mwisho azime injini na kuitazama geji kwa dakika 5, maana presha haitakiwi kushuka chini ya psi 21. Geji hiyo ibaki chini ya boneti muda wote, na fundi asikubali kuliendesha gari huku mpira wake ukiwa umeingizwa ndani ya kabini, kwa kuwa mpira huo una petroli yenye presha.

Kipimo cha pili ndicho ninachoamini kilirukwa mwaka jana. Chini ya siti ya nyuma kuna kifuniko, na chini yake ndipo ilipo soketi ya pampu. Mafundi wengi huichomoa, huweka mita ya umeme, husoma volti 12 na kutangaza kwamba umeme upo. Kipimo hicho hakina maana, kwa sababu waya uliobaki na nyuzi mbili tu za shaba utaonyesha volti 12 kamili pale ambapo hakuna mzigo wowote unaouvuta umeme. Soketi inatakiwa ibaki imechomekwa, pampu ikifanya kazi, na mita iguse waya kwa nyuma ya soketi. Namba hiyo ilinganishwe na ya betri kwa wakati uleule. Tofauti ikizidi volti 1, tafuta umeme unapopotelea: kwenye rilei ya pampu, yaani swichi ndogo inayoiwasha, ambayo midomo yake imeungua, kwenye soketi iliyobadilika rangi kwa joto, au kwenye waya wa bodi uliofungwa kwa bolti yenye kutu. Ili pampu ifanye kazi bila kuwasha injini, fundi aunganishe kwa kipande cha waya matundu mawili ya kiboksi cha uchunguzi kilichoko chini ya boneti, yaliyoandikwa FP na +B, huku ufunguo ukiwa umefunguliwa. Pampu inayopata volti 10 huzunguka polepole, hutoa presha ndogo, na huhukumiwa kuwa mbovu ilhali ina njaa ya umeme. Huenda hata ile ya kwanza iliyotupwa ilikuwa hivyo.

Moto wa plagi nao uangaliwe wakati gari limezima. Injini ya 5A hutumia distributa, kifaa kinachogawia plagi moto, na kifaa cha umeme kinachoiongoza koili huweza kukata kwa joto. Tofauti yake ni kwamba moto ukikatika injini hufa ghafla, kama vile umefunga ufunguo, bila kugugumia kwanza. Maelezo yako hayafanani na hayo.

Sasa nije kwenye swali lako la kwa nini pampu haikudumu. Corolla ya toleo lako iliacha kutengenezwa Japani mwaka 2000, na hiyo maana yake ni kwamba pampu ya mtumba iliyotoka kwenye gari la aina hiyohiyo imeshafanya kazi kwa miaka mingi, na kaboni zake zimeshalika kwa kiasi ambacho hakuna anayeweza kukiona kwa macho. Nanunua mtumba wa taa, milango na vioo bila wasiwasi, lakini sishauri mtumba wa kitu kinachokwisha ndani kwa ndani kama pampu ya mafuta. Fundi wako amesema kweli kwamba ni bahati, na kwa kauli yake mwenyewe hakupaswa kukushauri ununue nyingine ya mtumba.

Jambo la pili ni hiyo taa ya dashibodi. Najua hali ya kipato ndiyo inayokufanya ujaze kidogo kidogo, na sisemi haya kukulaumu. Pampu yako imewekwa ndani ya tenki kwa makusudi: petroli inayopita katikati ya mota ndiyo inayoilainisha, na petroli inayoizunguka ndiyo inayoondoa joto lake. Tenki likiwa karibu tupu, mwili wa pampu hubaki wazi kwenye mvuke, na kwenye kona au mteremko huvuta hewa, hali ambayo huila haraka kuliko kilomita nyingi za kawaida. Zaidi ya hayo, kwenye gari lenye bomba la kurudisha mafuta kama lako, petroli iliyopata joto la injini hurejea kwenye tenki muda wote, na ikiwa ndani mna lita chache tu, lita hizo hizo huzunguka na kuwa moto. Fedha ileile unayoitumia kwa mwezi inaweza kukutosha ukijipangia kutoshuka chini ya robo tenki. Kinachohitajika ni gharama ya mara moja ya kulifikisha hapo, na baada ya hapo unarudishia kile unachotumia.

La tatu ni uchafu. Karibu kila pampu ya mtumba huvalishwa chujio la wavu lililotolewa kwenye pampu ya zamani, eti kwa kuwa bado ni zima. Lishike mkononi uliangalie: jipya ni jeupe au la rangi hafifu, nalo lililoziba huwa jeusi au la kahawia, na ukilikunja hutoa vumbi laini la kutu. Pampu inayovuta kupitia chujio la namna hiyo hujitesa na kupiga mluzi, kama huo unaousikia. Watu wengi hukimbilia kulaumu uchakachuaji. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama maalumu za kugundua mafuta yaliyochanganywa, kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa, kwa lengo la kuuondoa mchezo huo. Hata hivyo, petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huifanya injini igonge na kukosa nguvu zaidi kuliko inavyoiua pampu. Adui wa pampu ni kutu, vumbi na maji yanayotuama chini ya tenki, na njia rahisi ya kuyakaribisha ni kununua petroli ya kwenye vidumu kando ya barabara pale taa ya mafuta inapokuwa imewaka mbali na kituo.

Vipimo vikithibitisha kwamba pampu imekufa, nunua mpya. Pampu halisi za Toyota za aina hii hutengenezwa na Denso, na maboksi yenye jina hilo yapo ya kweli na ya kughushi, hivyo boksi pekee lisikushawishi. Nunua kwenye duka linalotoa risiti na kukubali kurudishiwa mali, iwe Morogoro au Gerezani pale Kariakoo, na uende na pampu ya zamani mkononi ili mlinganishe urefu, unene, mdomo wa kutolea mafuta na soketi. Muuzaji akikupa pampu ya magari ya kabureta, ikatae, kwani hiyo hutoa psi 3 hadi 6 tu na injini yako haitawaka nayo. Pamoja na pampu, nunua chujio la wavu jipya, filta mpya ya chini ya boneti, gasketi ya kifuniko cha tenki, na ule mpira mfupi unaounganisha pampu na bomba lake. Mpira huo ni mdogo, lakini unatakiwa uwe ule uliotengenezwa kuzama ndani ya petroli, ambao huandikwa R10. Mpira wa kawaida wa mafuta hustahimili petroli kwa ndani tu. Ukizamishwa hulainika, hupasuka, na presha huvujia ndani ya tenki ambako hakuna anayeiona, nawe utarudishwa dukani kununua pampu nyingine.

Ushauri wa kufunga pampu ya nje usiukubali. Pampu za aina hii zinasukuma vizuri lakini hazivuti vizuri, na petroli yenye joto ikivutwa kwa nguvu hugeuka mvuke ndani ya bomba kabla haijaifikia pampu. Ungekuwa umeuhamisha ugonjwa wa Kitonga kutoka ndani ya tenki hadi chini ya gari, mahali ambapo pia mawe na matope yataufikia.

Kuhusu kufanyia kazi uani, mahali penyewe hapanitishi, mradi ni nje, kwenye hewa, mbali na jiko la mkaa, jenereta na watoto. Kinachonitisha ni mazoea. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi kali, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini na kujikusanya sakafuni mwa gari, pale pale fundi anapoinamia. Nakusihi usimruhusu mtu yeyote kuijaribu pampu kwa kuitumbukiza kwenye beseni la petroli na kugusisha nyaya za betri. Ni jambo la kawaida mno kwenye gereji zetu, na cheche moja ya waya juu ya beseni inatosha kumwunguza fundi na nyumba pamoja. Pampu ijaribiwe ikiwa imeshafungwa ndani ya tenki, kwa ule waya wa FP na +B.

Kazi yenyewe ianze tenki likiwa na chini ya robo. Fundi achomoe soketi ya pampu, awashe injini na kuiacha ijizimie ili presha iishe kwenye mabomba, ndipo afungue waya hasi wa betri. Milango yote ibaki wazi, simu ziwe mbali, mwanga uwe wa jua na si wa taa ya waya, na kizima moto cha unga kiwe kimeshikwa na mtu aliyesimama nje. Kabla ya kulegeza skrubu hata moja, sehemu inayozunguka kifuniko isafishwe kwa brashi na kitambaa, maana mchanga uliokusanyika chini ya siti kwa miaka zaidi ya ishirini utaangukia ndani ya tenki papo hapo. Pampu ikishatoka, amulike ndani kwa tochi isiyopitisha mvuke, aangalie kama kuna kutu au matone ya maji chini, na kama yapo, tenki lishushwe likasafishwe, hata kama itaongeza siku ya kazi. Wakati wa kufunga, nyaya mbili za pampu zisibadilishwe nafasi, kwani mota itazunguka kinyume, itatoa mlio wa kawaida, na haitatoa presha yoyote. Skrubu za kifuniko zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, ili gasketi ilale sawasawa.

Siti isirudishwe mapema. Kwanza pampu iendeshwe kwa ule waya, na kila kiungio kipapaswe kwa kitambaa kikavu kuona kama kinalowa. Baada ya hapo geji iungwe tena na vipimo vyote virudiwe, vya presha na vya umeme, na uviandike kwenye daftari lako pamoja na tarehe, ili siku nyingine usianze tena kwa kukisia. Omba pia upewe pampu ya zamani. Kisha jaza tenki nusu, uende mchana wa jua hadi Mikumi na kurudi, kabla ya kufikiria Iringa. Ukisikia harufu ya petroli ndani ya gari wakati wowote, simama, shusha watu, na usiwashe tena hadi fundi afike.

Ikiwa presha itakuwa sahihi kwa vipimo vyote na bado gari linakosa nguvu mlimani, pampu haihusiki tena, na fundi ahamie kwenye distributa na kwenye kichujio cha moshi kilichoko kwenye eksozi, ambacho kikiziba hulibana gari vivyo hivyo. Wakati huo usikubali kununua pampu nyingine.